Kikohozi cha Langoni

Kwa miaka kumi na tisa Révérien aliosha treni za Stockholm asijue zilikokuwa zikienda. Zilimfikia karakanani zimebeba taka za mitaa yote: magazeti, mikebe, glavu ya mtoto isiyo na mwenzake, na safari moja meno bandia yaliyofungwa vizuri ndani ya leso. Alifagia, akapiga deki, akafuta vioo, na treni zikaondoka kurudi hukohuko. Majina ya vituo aliyajua kwa kuyasoma ukutani huku ameshika dekio. Siku aliyostaafu wenzake walimpa keki na saa ya ukutani. Akarudi nyumbani Fittja, akaitundika saa, akamwambia mkewe Médiatrice, "Sasa naenda kuona hawa watu wanatoka wapi na taka zao."

Akaanza kweli. Kila siku kituo kimoja. Anashuka, anazunguka mikono mgongoni, anatazama madirisha na mabustani, anarudi kula. Alimaliza mstari mwekundu wa treni, akamaliza wa bluu, akaingia wa kijani. Médiatrice alikuwa akimcheka. "Mtu amekimbia vita Burundi, akakaa kambini Kigoma miaka kumi na mitatu anamwomba Mungu mahali pa kukaa. Amepata mahali, hakai."

Huu ni mwaka wa tatu tangu Médiatrice afariki. Révérien aligundua siku ileile waombolezaji walipoondoka kwamba ile saa ya ukutani ina kelele. Alikuwa hajawahi kuisikia.

Kilichomshikilia baada ya hapo kilikuwa ni kikundi cha wazee. Kilikutana Jumatano katika chumba cha chini ya jengo, karibu na kituo, na lugha yake ilikuwa Kiswahili kwa sababu hakuna nyingine ambayo wote waliiweza. Kulikuwa na Warundi, Wakongo, Waganda, Mhaya mmoja, na Mjaluo mmoja ambaye peke yake alitosha kuwa watatu. Kiswahili chao kilikuwa kama sufuria ya harusi ya watu wasiojuana: kila mmoja ametia chake, lakini kinalika. Na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi walitoka kutembea, na kiongozi wa matembezi alikuwa Révérien, kwa maana nani mwingine alijua mlango upi wa kituo hutokea kwenye choo cha bure?

Mwezi wa tano yule Mjaluo, Obiero, akaharibu. Siku hiyo Révérien aliwapeleka kwenye vile vibustani ambavyo Waswidi hukodi, kila kimoja na kibanda chake kidogo kama cha kuku wa kitajiri. Obiero aliona lango, akaona kiti kizuri chini ya mti, akasema moyoni serikali ya hapa inajali wazee. Akaingia, akakaa, akavua viatu, akamenya mayai yake manne ya kuchemsha. Mwenye bustani alipofika alimkuta amelala na maganda kifuani. Obiero alipoamka alimkaribisha yule bwana akae.

Barua ya malalamiko ilikuja kwenye ile ofisi iliyowapa wazee chumba na tiketi, na ofisi ikampigia simu Mastula. Mastula ndiye mwenyekiti, mama wa Kiganda, Mwislamu, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, aliyewahudumia vikongwe wa Kiswidi maisha yake yote na aliyejua namna ya kusema jambo mara moja tu.

"Lalamiko moja tena," aliwaambia Jumatano hiyo, "matembezi yamekwisha. Tutabaki humu na viti."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa viti ni nini. Viti vilikuwa ni mazoezi ya kukaa. Kulikuwa na video ya kijana wa Kiswidi aliyevaa kaptula ya kubana, naye huwaambia wazee wainue mkono wa kulia, washushe, wainue wa kushoto, washushe, vizuri sana. Révérien alimtazama yule kijana kwenye skrini, akasikia ile saa ya nyumbani inapiga ndani ya kichwa chake, na akaapa kwamba katika matembezi yanayofuata, ya mwezi wa nane baada ya likizo ya ofisi, hata inzi hataudhika.

Alichagua mtaa wa nyumba za mbao. Uko juu ya kilima upande wa Söder, nyumba ndogondogo nyekundu na manjano za zamani sana, zilizojengwa na mafundi na mabaharia wakati mji ulipokuwa mdogo, na watu wanaishi humo hadi leo. Révérien alikwisha pita pale mara mbili peke yake. Aliona kibao kwenye uzio mmoja kimeandikwa kwa Kiswidi kwamba hapa wanaishi watu, tafadhali. Baada ya tafadhali mvua ilikuwa imefuta. Tafadhali nini? Hilo neno lililofutika lilimnyima raha wiki nzima. Mwishowe akamwendea binti yake Elvire, dereva wa basi, aliyekuwa anakunywa chai amesimama na funguo mkononi.

"Baba, unataka nini hasa?"

"Nataka kujua mgeni anapitaje kwenye nyumba za kale ambamo watu bado wanaishi. Asiudhi mtu."

Elvire akaisemesha simu yake, simu ikajibu. "Basi hii hapa. Lakini Baba, hii ni ya Korea."

"Korea wanataka nini?"

"Kuna mtaa huko Seoul, nyumba za mbao na vigae, za kizamani. Watalii wamejaa mpaka wenyeji wamechoka, kwa hiyo wamewekewa kanuni."

"Hao wenyeji wanalala humo ndani? Wanapika? Wanaanika nguo?"

"Baba, nachelewa."

"Basi soma. Nyumba ni nyumba."

Elvire akasoma huku anavaa koti, na Révérien akaandika kwenye daftari la shule kwa herufi kubwa, maana ndogo humkimbia. Zilitoka kanuni saba. Sauti iwe chini. Usifungue lango la mtu wala usichungulie. Usipige picha watu wala ndani ya dirisha. Nendeni wachache wachache. Usiburuze sanduku la magurudumu. Usiache taka. Njoo mchana, na ikifika saa kumi na moja jioni uwe umekwisha ondoka, watu wapumue.

Alizipenda. Kwa mtu aliyefagia taka za watu miaka kumi na tisa, zilikuwa kanuni za watu wenye akili. Lakini alipozirudia mezani peke yake aliona kuna pengo. Hakuna mahali paliposema mgeni asalimu. Akageuza karatasi, nyuma hakuna kitu.

Kwao, milimani nje ya Gitega, nyumba ilikuwa ndani ya ua, na ua una lango. Baba yake hakuwahi kupita kwenye lango la jirani kimya. Alisimama, akavua kofia, akajikohoza kidogo, akangoja. Wenyewe wakiwapo watajitokeza; wasipojitokeza, basi amewasalimu, anapita. Mtu anayepita kimya kwenye lango la watu ama ni mwizi, ama ana kesi na wenyewe. Sasa Wakorea wanasema usipige kelele, na hodi ni kelele, hilo Révérien alikubali. Lakini kikohozi? Kikohozi hakina neno hata moja ndani yake. Akalamba ncha ya kalamu, akaandika kanuni ya nane.

Jumamosi walikuwa tisa. Kwenye treni kutoka Fittja aliwasomea kanuni zote nane polepole, kama mtu anayesoma tangazo la ndoa, na abiria wawili vijana wakatoa vifaa vyao masikioni kusikiliza bila kuelewa kitu.

"Sasa mzee," Obiero akasema, "hiyo ya kukohoa pia ni ya Korea?"

"Hiyo ni ya Gitega."

"Na hawa wazungu watajua tunawasalimu?"

"Kikohozi hakihitaji tafsiri. Wewe kohoa kwa adabu, hesabu hadi kumi, hakuna mtu, unapita. Na wewe, Obiero, usiguse lango."

"Hata lile nimeshaomba msamaha. Mayai yenyewe sikuyamaliza."

Mastula alikaa ng'ambo ya ujia, daftari lake dogo la bluu juu ya mapaja. "Mimi naandika tu," alisema.

Waliposhuka Slussen na kupanda kile kilima, ilikuwa mchana wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, jua la kuazima, matofaa yameiva hadi yanainamia njia. Njia yenyewe ilikuwa ya mawe ya mviringo, na hapo ndipo kanuni ya tano ilipopata mtu wake. Bibi Flaviana, yule Mhaya, alikuja na kigari chake cha sokoni chenye chupa ya chai, chapati ishirini, mwavuli na sweta mbili. Kilipogusa mawe kilipiga kelele kama mtu anayemwaga sahani ngazini.

Révérien akainua mkono. "Bibi, kigari hakiburuzwi hapa."

"Nikibebe kichwani? Nina miaka sabini na moja."

"Atabeba Obiero."

Obiero akatazama kigari, akatazama mbingu, akakipakata kifuani kama mtoto mchanga. Huko ndani chupa ilianza kuvuja, lakini hilo walilijua baadaye.

Kisha kanuni ya nne: wachache wachache. Révérien aliwagawa watatu watatu, kila kundi liache hatua thelathini nyuma ya lililotangulia. Yeye aliongoza la kwanza, Flaviana alikuwa katika la pili, na la mwisho akamweka Obiero pamoja na Mastula ili achungwe. Mpango ulikuwa mzuri, ila kuna kitu kimoja mpangaji hakukifikiria. Kila lango sasa lingekoholewa mara tatu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa nyekundu, namba tatu. Révérien akasimama hatua mbili kutoka kwenye lango, akavua kofia, akajikohoza. Wenzake wawili wakajikohoza. Wakahesabu. Pazia likatikisika kidogo, likatulia. Révérien akainamisha kichwa kwa pazia, wakasogea. Hatua thelathini nyuma yao kundi la Flaviana likafika, likakohoa. Pazia likatikisika tena. Kisha akaja Obiero.

Kikohozi cha Obiero hakikuwa cha adabu. Alikuwa amevuta sigara miaka arobaini kabla ya kuacha, na kile kifua kilipoamshwa kiliwaka kama lori la mizigo asubuhi ya baridi: mara ya kwanza kinakataa, mara ya pili kinakataa, mara ya tatu kinashika na mtaa mzima unajua. Paka aliyekuwa amelala juu ya uzio alishuka upande wa pili.

"Punguza," Mastula akamnong'oneza.

"Hiki ndicho nilicho nacho, mama. Sina kingine kidogo."

Namba tano hakukuwa na mtu. Namba saba bwana mmoja alikuwa anapaka dirisha rangi; alipoona wazee watatu weusi wamevua kofia mbele ya nyumba yake wamenyamaza kabisa, naye akashuka ngazini, akavua kofia, akasimama. Labda alidhani kuna mtu amekufa. Wakatazamana kwa heshima, kila mmoja akiinamisha kichwa, hadi Révérien alipomaliza kumi. Watalii wawili wenye kamera kubwa waliokuwa wanakuja wakiongea kwa sauti wakaliona lile kundi, wakanyamaza, wakazima kamera, wakapita kwa ncha za vidole. Révérien alijisikia vizuri sana. Hata Médiatrice angekubali kwamba hii ni kazi.

Namba tisa palikuwa kimya. Ile namba kumi na moja ndiyo yenye kile kibao cha tafadhali. Kundi la kwanza likakohoa, likasogea. La pili likakohoa, likasogea. Kundi la tatu likafika, Obiero akakohoa, na mara hii kifua chake kiliposhika hakikuzimika. Alikohoa mpaka akapiga magoti huku amekumbatia kigari, chai ikimtiririka kwenye suruali. Mastula akaanza kumpiga mgongoni. Makundi mengine yakarudi mbio, kwa kadiri wazee wanavyoweza kurudi mbio, na kanuni ya nne ikafa hapohapo.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka bibi wa miaka kama themanini, nywele za kijivu zimesukwa mkia mmoja, miguuni mabuti ya mpira, mkononi bilauri ya maji. Aliwapita wote, akampa Obiero maji, akasubiri anywe. Kisha akawatazama mmoja mmoja kwa zamu.

"Nani mwingine ni mgonjwa?" aliuliza. "Nimesikia vikohozi tangu kwa jirani wa kwanza. Nimehesabu arobaini na tatu."

Révérien aliona daftari la bluu linafunguliwa. Kiswidi chake kilikuwa cha karakana: alijua sabuni, ndoo, kioo, zamu, matapishi. Alivitafuta vyote akaona havifai. Akasema, "Hakuna mgonjwa. Tunasalimu."

"Mnamsalimu nani?"

"Nyumba."

Bibi akageuka akaitazama nyumba yake, kana kwamba huenda ilijibu na yeye hakusikia.

Mastula akaingia kati kutafsiri, maana mambo yalikuwa yameanza kufanana na mwezi wa tano. Akaeleza kikundi, akaeleza matembezi, akaeleza kwamba mzee huyu ameandika kanuni ili wasimuudhi mtu. Bibi akaomba kuziona. Révérien akatoa daftari la shule kwa mikono miwili, na Mastula akamsomea kanuni moja moja kwa Kiswidi.

"Ni nzuri hizi," bibi akasema. "Nani kaziandika?"

"Wakorea," Révérien akajibu.

"Hapa si Korea."

"Tunajua, Mama. Lakini ninyi yenu imefutwa na mvua."

Bibi akakiendea kile kibao chake, akakitazama kwa karibu, akakisugua kwa kidole gumba. Jina lake lilikuwa Maya. Alikuwa amezaliwa ndani ya nyumba ile, baba yake alikuwa fundi wa kushona matanga ya meli, na kwa miaka kumi hivi sasa, alisema, kila kiangazi watu humwekea simu dirishani. Mwaka uliopita bwana mmoja alimpiga picha anakula uji. Alipompungia kijiko atoke, bwana yule akamwambia mwenzake, tazama, makumbusho haya wameweka hadi bibi, na anatembea.

"Huyo hakukohoa?" Obiero akauliza kutoka chini.

"Hakukohoa."

"Basi si mtu."

Maya akakubali kwamba si mtu. Akasema kahawa ipo na keki ya matofaa imo jikoni, waingie.

Hapo Révérien akarudi nyuma hatua moja. "Asante sana, Mama. Hatuingii."

Mastula alimgeukia polepole. "Unasemaje?"

"Kanuni ya pili. Lango halifunguliwi."

"Mwenyewe amelifungua."

"Ndivyo hata Obiero alivyosema mwezi wa tano, kwamba lango lilikuwa wazi."

"Mimi msinitaje, mimi nimelowa," Obiero akasema.

Yule bibi wa watu amesimama ameshikilia lango, mabuti yake miguuni, akimtazama mzee huyu aliyevaa tai Jumamosi na kukataa keki kwa uchungu unaoonekana. Révérien hakuwa anaringa. Alikuwa anaiona ile video. Alikuwa anamwona kijana wa kaptula akisema vizuri sana. Watu tisa kwenye nyumba ndogo, kikombe kimoja kikivunjika, sakafu ya kale ikatoboka, ndiyo barua hiyo.

Flaviana akasogea sikioni kwake. "Mzee Révérien," alisema, "nimekuheshimu tangu Fittja. Nimekubali kigari changu kibebwe kama maiti. Lakini kibofu changu si cha Mkorea."

Akampita, akaingia ndani.

Baada ya hapo hakukuwa na cha kulinda. Révérien akavua viatu nje ya mlango, wote wakavua, jozi tisa zikapangwa kwenye ngazi kubwa kwa ndogo. Nyumba ilikuwa ndogo hivi kwamba waliingia watatu watatu, kwa hiyo kanuni ya nne ikafufuka. Waliokuwa ndani walikula keki. Waliokuwa bustanini waliokota matofaa. Chapati za Flaviana, zile ambazo chai haikuzifikia, zikawekwa mezani, na Maya akala mbili na kuuliza ni unga gani. Révérien alikaa kwenye ncha ya kiti, makalio nusu, mikono magotini, asiguse hata ukuta. Maya alipomwonyesha dirisha ambalo kioo chake ni cha tangu zamani, chenye mawimbi ndani, alikisogelea kwa macho ya kazi. Akakitazama kwa pembeni.

"Hiki unakifuta kwa siki," alisema.

"Siki na gazeti," Maya akasema.

"Gazeti la zamani. Jipya lina wino mbaya."

"Mbaya sana."

Wakaelewana kuhusu vioo kwa dakika kumi bila msaada wa Mastula, maana sasa maneno ya karakana yalikuwa yamepata kazi.

Walipoaga, Maya akabaki mlangoni akiwapungia, na Flaviana akamwuliza Mastula kwa nini mwenyeji hatusindikizi, je, amekasirika. Mastula akatafsiri kabla Révérien hajamzuia. Maya akauliza kusindikiza ni nini. Akaambiwa kwamba mgeni haachwi aende peke yake kama aliyefukuzwa. Mwenyeji humtoa hadi njiani. Bibi akavaa mabuti yake, akawatoa hadi kwenye kona, Révérien kushoto kwake na Flaviana kulia, wote kumi kundi moja, wakiongea siki na uji na baba wa matanga, wakicheka kwa sauti ambayo Wakorea wasingeikubali. Ilikuwa bado mapema, jua liko juu. Kwenye treni ya kurudi Révérien alitazama daftari la bluu. Lilikuwa limefungwa. Alilala usingizi mzuri hadi akapitiliza Fittja, akaamka Alby, kituo kinachofuata, na yeye ni mtu wa treni.

Siku kumi na moja baadaye, Jumatano, Mastula aliingia kwenye chumba cha chini ameshika bahasha.

"Imetumwa ofisini," alisema. "Wameniletea. Inatoka kwenye ule mtaa."

Obiero akaweka mikono mezani kama mtu anayetaka kuonyesha kuwa haina kitu. Révérien akasimama. Alikuwa amejitayarisha kwa siku hii kuliko walivyodhani. Alitoa lile daftari la shule mfukoni, akaliweka mbele ya Mastula.

"Kabla hujasoma, Mama mwenyekiti. Kanuni ya nane niliiongeza mimi. Si Wakorea, si Obiero, si Bibi Flaviana na haja yake. Kama mtu ameudhika na kikohozi, nimemuudhi mimi. Nitoeni mimi, matembezi yabaki. Mwingine awaongoze. Choo cha Slussen nitamwonyesha."

"Kaa chini, mzee."

"Nitasimama."

Mastula akavaa miwani, akasoma kwanza kimya. Akarudia. Kisha akatafsiri kwa sauti ileile aliyotumia kwa dawa za wagonjwa.

Mwandishi alikuwa bwana aitwaye Jimmy, wa nyumba ya manjano namba kumi na tatu, ya mwisho kabla ya kona. Alisema ameishi hapo miaka arobaini na moja. Alisema kwamba Jumamosi iliyotajwa watu tisa walipita mtaani na kusimama kwenye namba tatu, tano, saba, tisa na kumi na moja, na kwenye kila nyumba walivua kofia na kukohoa. Jirani wa namba saba alimpigia simu palepale, akamwambia kwamba hiyo inaelekea ni salamu. Alisema yeye ana goti bovu, na aliposikia vikohozi vinakaribia aliteremka ngazi pole pole, akavaa shati safi, akasimama nyuma ya mlango. Saa tisa na dakika ishirini wageni walipita namba kumi na tatu wakiwa wanaongea na jirani yake, wala hawakukohoa. Angependa kuelezwa sababu.

Mastula akakunja barua.

Flaviana akatikisa kichwa. "Maskini. Na shati amevaa."

"Hili," Mastula akasema, "ni lalamiko."

"Lalamiko ni lalamiko," Obiero akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano alionekana na furaha ya mtu ambaye safari hii mwenye kosa si yeye.

"Nilisema lalamiko moja tena, matembezi yamekwisha. Nilisema au sikusema?"

Walikubali kwamba alisema. Kwenye kona ile skrini ya video ilikuwa tayari, yule kijana amegandishwa katikati ya kuinua mkono. Révérien alimtazama. Kisha akaona kwamba mwenyekiti hajaandika kitu. Daftari la bluu lilikuwa wazi, kalamu ipo, na Mastula alikuwa anamtazama yeye kama anayemsubiri akumbuke jambo.

"Mama mwenyekiti," akaanza. "Kwetu, mtu akilalamika kwamba ameibiwa, unakwenda kwa wazee wa baraza. Akilalamika kwamba mbuzi ameingia shambani, unakwenda kwa wazee. Lakini akilalamika kwamba hakusalimiwa, huendi barazani. Baraza litafanya nini? Unakwenda kwenye lango lake."

"Na ukishakwenda?"

"Lalamiko limekwisha. Haliandikwi."

Mastula alifikiri kwa muda aliodhani unatosha kwa mwenyekiti. Akafunga daftari. "Jumamosi hii," alisema. "Hata kama si mwisho wa mwezi. Na kigari kibaki nyumbani."

"Kigari kina chapati," Flaviana akasema.

"Chapati ziende kwa mkono."

Jumamosi waliteremka Slussen wote tisa, wakapanda kilima watatu watatu. Walikohoa namba tatu, tano, saba na tisa, ili watu wasije wakaandikiana barua. Yule bwana wa namba saba alikuwa amekwisha maliza dirisha lakini alikuwapo, na kofia alikuwa ameivaa makusudi ili apate ya kuvua. Namba kumi na moja Maya aliwafungulia dirisha. Kwenye uzio wake kulikuwa na kibao kipya, kimepakwa rangi vizuri, kanuni zote nane kwa Kiswidi.

Nyumba ya manjano ilikuwa na lango jeupe na mlango wa kijani uliofungwa. Mara hii Révérien hakuwatenganisha. Alijipanga mbele, tisa wote nyuma ya mstari wa hatua mbili, akavua kofia. Akakohoa. Wengine wakafuata, sauti ndogo ndogo, na mwisho Obiero, ambaye asubuhi hiyo alikunywa asali vijiko vitatu na akatoa kikohozi chembamba cha bibi harusi kilichomshangaza yeye mwenyewe.

Wakahesabu. Tatu, nne. Pazia halikutikisika. Sita. Révérien alifikiria lile goti na zile ngazi, akahesabu polepole zaidi, akaivuta saba, akaivuta nane. Huko nyuma Mastula alikuwa naye anahesabu kwa midomo. Tisa.

Nyuma ya mlango wa kijani mtu akakohoa. Mara mbili, kavu, kwa kupimwa.

Obiero akainama sikioni kwa Révérien. "Huyo," alinong'ona, "amefanya mazoezi."